Ernst May, msanifu aliyetaka kila chumba kipate jua

JINA la Ernst May halitajwi sana magharibi mwa Kenya. Hata hivyo, maswali yanayozuka leo kila jumba jipya la ghorofa linapochomoza Kitale au Bungoma yalikuwa yamekwisha kufika mezani pake zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Eka moja ibebe familia ngapi? Choo kimoja kitumiwe na watu wangapi? Ukuta wa jirani uwe umbali gani ili mtoto anayelala chumba cha chini apate kuona jua? Na mfanyakazi wa mshahara mdogo atozwe kodi kiasi gani asije akamlipa mwenye nyumba kisha akalala na njaa?

May, msanifu wa majengo na mtaalamu wa mipango ya miji, aliyajibu maswali hayo nchini Ujerumani, katika Muungano wa Kisovieti na hapa Afrika Mashariki. Majibu yake yalibadilika kadiri umri wake na mahali alipoishi vilivyobadilika, na baadhi yake yaliacha makovu ambayo hayajapona. Karibu miaka 20 ya maisha yake aliitumia Tanganyika, Kenya na Uganda.

Alizaliwa mjini Frankfurt tarehe 27 Julai 1886, mtoto wa mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi. Alisomea usanifu Uingereza na Ujerumani, na kati ya 1910 na 1912 alifanya kazi katika ofisi ya Raymond Unwin, mmoja wa waasisi wa wazo la miji-bustani nchini Uingereza.

Kipindi hicho kifupi ndicho kilichomtengeneza. Katika miji mikubwa ya Ulaya wafanyakazi walikuwa wamerundikwa katika majumba ya kupanga yaliyoshikana bega kwa bega, yenye nyua za ndani finyu na zenye giza kama visima. Anayepita leo katika vichochoro vya Pipeline au Huruma, Nairobi, hahitaji kuelezwa zaidi. Wenye majumba walijitetea kwa hesabu: ardhi ya mjini ni ghali, kwa hiyo lazima watu wabanwe ili kodi ishuke.

Mwaka 1912 Unwin alichapisha kijitabu kilichoipinga hesabu hiyo kwa hesabu nyingine. Alionyesha kwamba nyumba zinapobanwa sana, gharama ya barabara zinazohitajika kuzifikia huila sehemu kubwa ya faida inayotarajiwa, na mpangaji huambulia kiwanja kidogo kwa bei isiyopungua sana. Si kila mtaalamu aliikubali hoja hiyo wakati huo, wala leo, lakini May aliibeba akarudi nayo kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alihudumu Silesia, wakati huo mashariki mwa Ujerumani, akisimamia ujenzi wa nyumba za bei nafuu za mashambani hadi 1925. Ndipo Ludwig Landmann, meya wa Frankfurt, alipomwita nyumbani na kumkabidhi idara zote za ujenzi na mipango ya mji.

Mamlaka aliyopewa May yalikuwa makubwa mno kwa kipimo cha afisa yeyote wa mji. Alisimamia ununuzi wa ardhi, michoro, viwanda vya vipande vya kuta, hata umbo la vitasa vya milango. Katika muda wa miaka mitano hivi, zaidi ya nyumba 12,000 zilijengwa chini ya mpango wake.

Mitaa hiyo mipya haikuwa ya majumba marefu. Mtaa wa Römerstadt, wenye nyumba takriban 1,200 kando ya bonde la mto Nidda, ulikuwa wa safu za ghorofa mbili hadi nne zenye paa bapa, na familia nyingi zilipata kipande cha bustani cha kulima mboga. Safu zilielekezwa kulifuata jua, ili vyumba vya kulala vipate mwanga wa asubuhi na sebule mwanga wa jioni. Umbali kati ya safu moja na nyingine ulihesabiwa ili nyumba moja isiitie nyingine kivulini.

Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na jiko lililopata sifa dunia nzima. Lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wanawake wachache wasanifu wa zama hizo, ambaye alipima hatua za mpishi kutoka meko hadi sinki na kuzipunguza. Chumba hicho kilikuwa na upana wa chini ya mita 2 na urefu wa mita 3.4 hivi, kila kitu mahali pake. Makabati ya jikoni yanayojengwa ukutani katika nyumba za kisasa, Kitale ikiwamo, yanaweza kuhesabiwa kuwa wajukuu wa jiko hilo.

Mwaka 1929 wasanifu mashuhuri wa Ulaya walikutana Frankfurt kujadili jambo moja: nyumba ndogo kabisa ambayo binadamu anaweza kuishi bila kupoteza heshima yake. May alikuwa mwenyeji wao. Alishikilia kwamba udogo si aibu maadamu kuna mwanga, hewa, maji na choo cha familia yenyewe.

Pamoja na sifa zote hizo, mpango wa Frankfurt ulikuwa na doa ambalo miradi mingi ya nyumba za bei nafuu ingali inalo. Kodi ilimshinda fukara. Wengi waliohamia Römerstadt walikuwa makarani, walimu na mafundi wenye ujuzi, na kibarua wa kawaida akabaki katika chumba chake cha giza. Wakenya wanaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara wao chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 wamekuwa wakiuliza swali hilo hilo: nyumba hizo hatimaye zitakaliwa na nani?

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulikausha fedha za ujenzi. Oktoba 1930, May na kundi la wataalamu wenzake walifunga safari kwenda Muungano wa Kisovieti, wakiwa wameahidiwa kupanga miji mizima ya viwanda.

Mji uliojulikana zaidi kati ya hiyo ni Magnitogorsk, ulioota kando ya kiwanda cha chuma katika milima ya Ural. Walipofika walikuta ujenzi wa kiwanda umekwisha kuanza, vifaa haba, na maelfu ya wafanyakazi wakiishi katika mahema na mabweni ya mbao. Michoro ilibadilishwa mara kwa mara na wakubwa wa chama. Mwishoni mwa 1933 May aliondoka akiwa amevunjika moyo.

Hakuwa na pa kurudi. Wanazi walikuwa wameshika madaraka Berlin mapema mwaka huo. Kwao alikuwa msanifu wa Kibolsheviki, tena mwenye asili ya Kiyahudi kwa upande mmoja. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 47, mtu aliyewahi kuamuru ujenzi wa mitaa mizima alijikuta mkulima karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru.

Mwaka 1937 aliuza shamba na kuhamia Nairobi, akafungua ofisi ya usanifu. Jumba la Kenwood katikati ya jiji ni kazi yake ya siku hizo, na alijijengea nyumba Karen.

Vita Kuu ya Pili vilimkatizia tena safari. Ingawa alikuwa ameikimbia serikali ya Hitler, kwa Waingereza alibaki Mjerumani, yaani raia wa adui. Mwaka 1940 alikamatwa na kupelekwa kizuizini Afrika Kusini, akaachiliwa mwaka 1942.

Ili kuielewa kazi iliyomngoja baada ya hapo, yafaa kukumbuka jinsi miji ya Afrika Mashariki ilivyokuwa imepangwa. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mkazi wa mji. Alikuwa kibarua aliyekuja kwa kipande na kazi, akitarajiwa kurudi kijijini mkataba ukiisha. Nairobi, makao ya Waafrika yalihesabiwa kwa vitanda: chumba kimoja, vitanda kadhaa, wanaume watupu. Mke na watoto hawakuwamo katika hesabu.

Kitale, ilikoishia tawi la reli lililofika mwaka 1926, ilikuwa na sura hiyo kwa kipimo kidogo. Walowezi wa Kizungu walikuwa na upande wao, maduka ya Wahindi yalikuwa katikati, na Mwafrika alichukuliwa kuwa kibarua wa shamba au mtumishi wa nyumbani ambaye kwao ni kwingine. Mitaa ya wanyonge kama Kipsongo na Tuwan ilikuja kukua katika mji ambao ramani yake ya kwanza haikuwawazia watu wa aina hiyo. Sensa ya 2019 ilipofanyika, Kitale ilikuwa na zaidi ya wakazi 160,000.

Upande wa pili wa mpaka, reli inayopita Webuye na Bungoma kuelekea Tororo iliishia katika mji uliokuwa ukifura kwa kasi zaidi. Januari 1945 Uganda ilitikiswa na migomo na ghasia za wafanyakazi waliolalamikia mishahara na ugumu wa maisha. Kampala ya Wazungu na Waasia ilikuwa na ramani, taa na mabomba ya maji. Waafrika wengi waliofanya kazi humo walilala nje ya mpaka wa manispaa, katika Kibuga kilichokuwa chini ya ufalme wa Buganda, ambako vyumba vya kupanga viliongezwa ovyo bila barabara wala mitaro.

Mwaka huo huo serikali ya Uganda ilimpa May kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala upande wa mashariki, kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1947.

Ukiiangalia ramani yenyewe tu, ni kazi ya kupendeza. Barabara hazikukatwa mraba mraba. Zilifuata miinuko ya vilima, jinsi maji ya mvua yanavyotiririka. Mabonde yaliachwa kuwa mikanda ya kijani. Makazi yaligawanywa katika mitaa yenye ukubwa ambao mtoto angeweza kutembea kwa miguu hadi shuleni, kila mtaa na maduka yake na ukumbi wake wa mikutano. La maana zaidi, May alipanga nyumba za familia za Waafrika kando ya zile za makapera, akichukulia kwamba Mwafrika amekuja mjini kukaa. Kwa afisa wa kikoloni wa 1947 hilo halikuwa jambo dogo.

Hapa ndipo sifa na lawama zake zinapokutana. Mkanda wa kijani uliopoza hewa na kuzuia mbu ulikuwa pia mpaka wa rangi. Kololo ilitengewa Wazungu na Waasia, Naguru na pembe zake Waafrika. Tena May aliwapanga Waafrika wenyewe kwa madaraja, kulingana na alichokiona kuwa kiwango chao cha kuzoea maisha ya mjini, kana kwamba nyumba ni darasa na mkazi wake ni mwanafunzi anayesubiri kupandishwa. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya asili yake aliona sawa kuwagawia watu vilima kwa asili zao. Watetezi wake husema aliwekewa masharti na serikali iliyomwajiri; huenda ni kweli kwa sehemu, lakini maelezo ya madaraja aliyaandika mwenyewe.

Mpango wake haukutekelezwa wote kama ulivyochorwa. Kololo ikawa makao ya wenye nacho, na ni hivyo hadi leo. Katika maeneo ya Nakawa na Naguru serikali ya kikoloni ilijenga nyumba ndogo za wafanyakazi wa Kiafrika, ambazo zilikuja kurithiwa na vizazi vya makarani, askari na vibarua.

Katika miaka hiyo hiyo May alijaribu kutatua tatizo la gharama kwa kutumia kiwanda, kama alivyofanya Frankfurt. Alibuni nyumba ya Mwafrika itakayounganishwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa tayari, vikining'inizwa kwenye mbavu za zege zilizopinda kama upinde. Umbo lake lilikumbusha nyumba za msonge za asili, na watu wasio mafundi wangeweza kuisimamisha kwa muda mfupi.

Nyumba hiyo ilisifiwa na ikaishia kwenye mifano. Katika nchi ambamo vibarua walilipwa senti, hapakuwa na sababu ya kununua mashine za kupunguza vibarua, na kusafirisha zege kwa barabara za vumbi kuligharimu kuliko kufyatua matofali papo hapo. Kilichofaa Ujerumani hakikuvuka bahari.

Mombasa alipewa nafasi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipanga mtaa wa makazi ya Waafrika huko Tudor, safari hii akizingatia joto na unyevu wa pwani: upepo wa bahari upite ndani ya nyumba, kivuli kiwe karibu na mlango, familia ipate uwanja wa kupikia na kupumzikia. Huko huko Mombasa alisanifu hoteli ya Oceanic. Kisumu alisanifu hospitali ya uzazi ya Aga Khan, na Moshi jengo la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kichagga, KNCU.

Jengo lake la mwisho kubwa katika eneo hili ni Makumbusho ya Uganda yaliyoko Kamwokya, Kampala, yaliyofunguliwa mwaka 1954. Ni jumba la chini, lililotandazwa kama mkeka, lenye dari za juu na madirisha yaliyopangwa ili hewa ya moto itoke yenyewe.

Kufikia wakati huo May alikuwa ameondoka. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na mwishoni mwa 1953, akiwa na miaka 67, alirudi Ujerumani ambayo hakuwa ameishi kwa zaidi ya miongo miwili. Miji yake ilikuwa vifusi, na mamilioni ya watu hawakuwa na makao.

Alikabidhiwa idara ya mipango ya Neue Heimat, kampuni ya nyumba iliyomilikiwa na vyama vya wafanyakazi, yenye makao Hamburg. Humo yule mwanafunzi wa Unwin, aliyewahi kuamini safu fupi na bustani ya mboga, akaanza kuchora majumba marefu.

Mtaa wa Neue Vahr mjini Bremen, uliojengwa kati ya 1957 na 1962 na ambao May alikuwa miongoni mwa wapangaji wake wakuu, ulikuwa na nyumba takriban 10,000. Katikati yake liliinuka jumba la ghorofa 22 lililosanifiwa na Alvar Aalto wa Finland, na kandokando yake majumba ya ghorofa kadhaa yakitenganishwa na nyasi na miti.

Tofauti ya mtaa huo na majumba ya wakodishaji yaliyomkera ujanani haikuwa katika urefu. Nafasi kati ya jumba na jumba ilikuwa kubwa, lifti zilikuwapo, kila nyumba ilikuwa na bafu na maji ya moto. Hiyo ndiyo sehemu ya hesabu inayoachwa mara nyingi majengo ya namna hiyo yanapoigwa: ghorofa huchukuliwa, nafasi ikaachwa. Mwishoni mwa Aprili 2016 jumba la kupanga liliporomoka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 50. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa.

Mitaa ya Neue Heimat nayo haikukosa lawama. Wakazi walilalamikia upweke, umbali wa maduka na kufanana kwa milango, na vijana wasanifu wa miaka ya 1960 waliiona baridi isiyo na roho. May aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni, akiishauri miji ya Mainz na Wiesbaden na kufundisha Darmstadt. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na miaka 84, akazikwa Frankfurt.

Nyumba zake za Frankfurt zingali zinakaliwa, na nyingi zinalindwa na sheria kama urithi wa taifa. Hali ni tofauti katika kilima alichokichora Kampala.

Mwaka 2011 wakazi wa nyumba za Nakawa na Naguru walihamishwa, baadhi yao wakiwa wameishi humo maisha yao yote, na nyumba zikabomolewa ili kupisha mji mpya wa majumba ya ghorofa, maduka na ofisi. Wapangaji waliahidiwa kuwa wa kwanza kupewa nyumba mpya. Miaka ikapita ardhi ikimea majani, huku waliohamishwa wakitawanyika katika vyumba vya kupanga vya kandokando ya jiji, kule kule ambako wazazi wao walitolewa.

Wakati huo huo ilitangazwa kwamba Makumbusho ya Uganda nayo yabomolewe ili mahali pake paote kituo cha biashara cha Afrika Mashariki chenye ghorofa 60. Wanahistoria na wapenzi wa turathi walipinga, shauri likafikishwa mahakamani, na mnara huo haukujengwa. Jumba la Kamwokya lingalipo, na watoto wa shule wanaoingia humo kutazama ngoma za kale hupitiwa na upepo kutoka katika yale madirisha ya juu, ambayo hayatumii umeme.